Ukaguzi wa hali za kazi kwenye mnyororo wa sangara: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Kwa miaka tisa nimekuwa mkalimani wa wakaguzi wanaokuja Mwanza kuangalia hali za wafanyakazi viwandani. Kabla ya hapo nilikaa ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha minofu, kwa hiyo pande zote mbili za meza nazifahamu. Maswali haya nimeulizwa na wakata minofu wa zamu ya usiku, na masupavaiza, na wenye mitumbwi pale mwaloni Kirumba, panaposhushwa samaki, na mara nyingi kwenye daladala ya kwenda Igoma mtu akishajua ninachofanya. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa karibu yangu.

Ukaguzi huu ni kitu gani hasa?

Ni watu kutoka nje ya kiwanda wanaokuja kutazama kama wafanyakazi wanatendewa kwa mujibu wa sheria ya nchi na kwa mujibu wa masharti ya mnunuzi. Wanatazama saa za kazi, malipo, mikataba, umri wa wafanyakazi, usalama, vyoo, milango ya dharura, uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kama kuna mtu anayebaguliwa, kutukanwa au kushikwashikwa. Kiwanda cha watu mia kadhaa kwa kawaida huchukua siku mbili. Siku hizo wanazigawa mara tatu: kutembea kiwandani, kusoma nyaraka, na kuzungumza na wafanyakazi faragha.

Je, hawa ndio wale wanaokuja kupima samaki?

Hapana, na ni vizuri kutowachanganya. Wanaopima samaki wanaangalia afya ya mlaji. Sisi wa Ziwa Victoria tunawajua vizuri. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, kwa salmonela, kwa kipindupindu, na mwezi Machi 1999 kwa hofu kwamba watu wanavua kwa sumu. Kila aliyekuwa kiwandani wakati ule anakumbuka wenzake walivyorudishwa nyumbani. Baada ya pale viwanda vilijengwa upya, mialo ikaboreshwa, na leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki.

Ninachokisema bila kuchoka ni kwamba tulijifunza kumpima samaki kila baada ya dakika chache, tukachelewa sana kumwangalia anayemkata. Nimeona mkaguzi wa chakula akichomeka kipimajoto kwenye mnofu mara kumi na mbili kwa asubuhi moja. Mwanamke aliyeshika mnofu huo alikuwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na hakuulizwa neno. Halikuwa kosa la mkaguzi yule. Kazi aliyotumwa ilikuwa nyingine. Ukaguzi wa hali za kazi umekuja kuangalia vidole vile.

Nani anawatuma, na nani anawalipa?

Anayewataka ni mnunuzi: duka kubwa la Ulaya, au kampuni inayoingiza samaki huko. Anayewalipa, mara nyingi, ni kiwanda chenyewe. Na hapo ndipo penye udhaifu wa kwanza, kwa sababu mtu anayekulipa ni vigumu kumwandikia yaliyo machungu. Wakaguzi waaminifu wapo, nimefanya nao kazi, lakini muundo wenyewe hauwasaidii.

Wanatumia kipimo gani?

Majina utakayoyasikia ni SMETA, ambayo ni njia ya ukaguzi ya shirika la Sedex la Uingereza. SA8000, kiwango cha hali za kazi kilichoanza 1997. Na amfori BSCI, mfumo wa ukaguzi ulioanza 2003. SA8000 inatoa cheti cha miaka mitatu. BSCI inatoa alama kuanzia A hadi E. SMETA haitoi cheti wala haina kufaulu au kufeli. Inatoa ripoti yenye orodha ya kasoro na tarehe za kuzirekebisha. Kwa hiyo ukiona bango getini limeandikwa "tumefaulu SMETA", jua aliyeliandika hakuisoma ripoti yake.

Chini ya hivyo vyote kuna mikataba ya Shirika la Kazi Duniani: kutolazimisha mtu kazi, kutoajiri watoto, kutobagua, uhuru wa kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja, na tangu 2022 mazingira salama ya kazi nayo yamewekwa miongoni mwa haki za msingi. Halafu kuna sheria zetu, hasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Pale ambapo kanuni ya mnunuzi na sheria ya nchi zinatofautiana, inafuatwa ile inayomlinda mfanyakazi zaidi.

Saa za kazi zinahesabiwaje? Na ovataimu?

Hili ndilo swali namba moja, acha niliseme kwa kirefu.

Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Ukijumlisha na ovataimu, siku moja haipaswi kuvuka saa 12. Ovataimu yenyewe haipaswi kuvuka saa 50 ndani ya wiki 4, na lazima mkubaliane. Baada ya saa 5 mfululizo unastahili kupumzika saa nzima. Kila wiki upate angalau saa 24 za kupumzika bila kukatishwa.

Sasa chukua kiwanda kinachofanya saa 12 za kazi, siku 6. Hizo ni saa 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ovataimu. Kwa wiki 4 ni saa 108, zaidi ya mara mbili ya zinazoruhusiwa. Mtu anaweza kukuambia "lakini tunawalipa". Malipo ni jambo moja, kikomo ni jambo jingine, na kisu kinachoteleza saa ya kumi na moja ya zamu hakiulizi kama umelipwa.

Malipo yanakokotolewa hivi. Tuseme mshahara wako ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa wiki 4.333 mara saa za wiki, yaani saa 195. Unapata shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ovataimu ni moja na nusu, yaani 3,000. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu, kila saa ni mara mbili, yaani 4,000. Ukifanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5, yaani shilingi 100 kwa kila saa ya kawaida. Nimekutana na wafanyakazi wengi wanaoijua ile moja na nusu. Wanaoijua asilimia 5 ya usiku ni wachache. Itafute kwenye karatasi yako ya mshahara.

Tunafika saa 1 asubuhi, samaki wanafika saa 5. Muda wa kusubiri unalipwa?

Hapa ndipo pana maumivu ya viwanda vya kanda hii, na wageni huwa hawalielewi mpaka waelezwe. Sangara haji kwa ratiba. Boti la kukusanya limechelewa visiwani, au lori limekwama, au usiku ziwa lilichafuka na wavuvi hawakutoka. Wafanyakazi wako getini, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, hawajaingia, hawajaondoka. Samaki wakifika saa 5 kazi inaanza saa 5, kadi inagongwa saa 5, halafu watu wanakata mpaka usiku kwa sababu barafu haingoji.

Kwenye kadi siku ile inaonekana fupi. Kwenye mwili wa mtu ilikuwa ya saa kumi na tano.

Shirika la Kazi Duniani, tangu mkataba wake wa 1930 kuhusu saa za kazi maofisini na madukani, limeeleza saa za kazi kuwa ni muda ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Kwa maoni yangu, ukiambiwa "msiende mbali, samaki wako njiani", uko chini ya amri. Mkaguzi asiyeuliza swali la getini ataandika ripoti nzuri ya kiwanda kibaya. Ukiwa mfanyakazi, usisubiri uulizwe. Sema: tulifika saa ngapi, tuligonga kadi saa ngapi.

Kuna kiwanda nilichowahi kukitafsiria kililitatua hili kwa namna rahisi kabisa. Boti likitia nanga, mtu wa mwaloni anapiga simu, na wafanyakazi wanaitwa kwa ujumbe wa simu, huku wakiwa na malipo ya chini yaliyohakikishwa kwa siku hata samaki wasipofika. Haikuwafilisi.

Mkaguzi anajuaje kama daftari limepikwa?

Halisomi peke yake. Analiweka sambamba na karatasi ambazo hakuna aliyefikiria kuzipika.

Nakumbuka kesi moja. Kadi za mahudhurio zilikuwa safi mno: kila mtu ameingia saa 1, ametoka saa 11 jioni, Jumapili hakuna kazi. Mkaguzi, mama mmoja mpole wa kutoka Nairobi, hakubishana. Aliomba karatasi za joto la chumba cha ubaridi, zile zinazojazwa kila baada ya saa mbili kwa ajili ya watu wa ubora. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: Jumapili, saa 5 usiku, na sahihi. Akatafuta kadi ya mwenye sahihi ile. Kadi ilisema ameondoka Jumamosi jioni. Ofisi nzima ikanyamaza, ukasikia feni tu.

Vivyo hivyo anaweza kulinganisha kilo za minofu zilizotoka na idadi ya watu waliokuwepo, daftari la majeruhi, daftari la walinzi getini, orodha ya chakula jikoni, malipo ya benki na ya simu. Kilo elfu kumi hazikatwi na watu ishirini kwa saa nane. Ndiyo maana nawaambia maofisa utumishi: kutunza vitabu viwili ni kazi kubwa kuliko kurekebisha kosa lenyewe, na daftari la uongo likikamatwa huhesabiwa kosa zito kuliko ovataimu lililokuwa linaificha.

Supavaiza ametufundisha majibu. Nifanye nini?

Kwanza, jua mkaguzi mzoefu anasikia mapema. Siku moja niliwatafsiria wanawake saba wa meza ya kusafisha minofu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema: "Ovataimu ni ya hiari na tunapewa stahiki zetu zote kwa wakati." Neno kwa neno. Hakuna mtu wa Mabatini anayezungumza hivyo na jirani yake.

Wa nane alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia "Shikamoo mama", nikaongeza "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, akatabasamu, akaniita mwanangu. Mkaguzi hakumuuliza habari za ovataimu kabisa. Alimuuliza: "Mama, jana mtoto wako alikula nini usiku?" Akasema hajui, alikuta wamelala. Na juzi? Alikuta wamelala. "Mara ya mwisho kumkuta macho ni lini?" Mama akatazama mikono yake, imechubuka kati ya vidole kwa maji ya klorini, akasema, "Wiki iliyopita, siku ile umeme ulipokatika."

Kwa hiyo jibu langu: huna wajibu wa kukariri. Unaweza kusema "hili sitaki kulizungumza", na hiyo ni haki yako. Mahojiano yanatakiwa kufanyika bila bosi, mahali ambapo hasikii, na jina lako haliandikwi kwenye ripoti inayoonyeshwa kiwanda. Anayehojiwa achaguliwe na mkaguzi mwenyewe kutoka kwenye orodha. Ukiona waliochaguliwa wote ni ndugu wa supavaiza, mwambie mkaguzi.

Na kwa wakaguzi wanaosoma hapa: msifanyie mahojiano chumba cha mikutano chenye kioo. Nimeona mara nyingi mno meneja akipita nje kila dakika tano, na mtu ndani anabadilika sauti.

Vibarua na deiwaka wanahesabiwa?

Wanatakiwa kuhesabiwa, nao ndio wanaofichwa zaidi. Siku ya ukaguzi kuna viwanda huwaambia "leo msije". Mkaguzi mzuri hulinganisha idadi ya gambuti na aproni zilizotundikwa na idadi ya watu waliopo. Kibarua naye anastahili kima cha chini kilichowekwa kwenye amri ya mishahara ya sekta yake, anastahili vifaa vya kujikinga, na akikatika kidole anastahili fidia. Aliyeitwa kila asubuhi kwa miaka minne mahali pale pale ana hoja nzito kwamba ni mwajiriwa, hata kama hajawahi kushika karatasi.

Tunakatwa hela ya gambuti na glovu. Ni halali?

Hapana. Vifaa vya kujikinga anatoa mwajiri, bila malipo. Vilevile mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, uliza. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni tofauti: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya nusu yake. Kagua kama inapelekwa kweli. Kukatwa ni jambo moja, kufika kwenye mfuko ni jingine.

Kiwanda kikishakaguliwa, basi ni salama?

Natamani ningejibu ndiyo.

Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi, Pakistani, kiliungua. Watu zaidi ya 250 walikufa, wengi kwa sababu njia za kutokea zilikuwa zimefungwa na madirisha yana nondo. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000 wiki chache tu kabla. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla kuta zilionekana zimepasuka. Maduka na benki ya chini zilifungwa. Washonaji waliamriwa warudi juu. Viwanda vilivyokuwa ndani ya jengo lile navyo vilikuwa vimepitiwa na wakaguzi wa hali za kazi, ambao hawakuwa wametumwa kupima nguzo.

Kilichofuata Bangladesh kinafaa kujulikana Mwanza. Vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo zilitia sahihi makubaliano yenye nguvu ya kisheria, yanayoitwa Accord. Wahandisi walikagua majengo, ripoti zikawekwa wazi kila mtu azisome, na kampuni iliyotia sahihi haikuweza kusema "tulidhani". Tofauti kubwa ni hizo mbili: ripoti iko wazi, na mnunuzi amefungwa. Ripoti za viwanda vyetu zinakaa kwenye kompyuta ya mnunuzi, na aliyehojiwa hazioni kamwe.

Kwetu hatari kubwa ni amonia ya mitambo ya ubaridi, visu, sakafu yenye utelezi, na milango. Usisubiri mkaguzi. Kesho ukiingia zamu, tembea mpaka mlango wa dharura uusukume. Ukikuta kufuli, au kreti zimepangwa mbele yake, huo ndio ukaguzi wako, mpelekee mwakilishi wa usalama siku hiyo hiyo. Kiwanda nilichofanyia kazi kilifunga mlango wa nyuma kwa mnyororo kwa sababu ya wizi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Nilikuwa ofisini, nilijua, na nilikaa kimya miezi saba. Hakuna aliyekufa. Bado nalifikiria.

Na ziwani je? Mkaguzi anafika kwa wavuvi?

Ni nadra sana, na kwangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Mnyororo hauanzii getini Nyakato. Unaanzia kwenye mtumbwi gizani, huko mbele ya Ukerewe, Kome au Maisome. Mkaguzi anakagua jengo lenye vigae, wakati walio wengi kwenye mnyororo huu hawajawahi kulikanyaga.

Mpangilio wenyewe ni huu. Tajiri ana mtumbwi, injini na nyavu. Kiwanda au wakala wake humkopesha nyavu na mafuta, naye analazimika kumuuzia yeye. Wavuvi wanakaa kambini, hawana mkataba, wanalipwa kwa mgao: mauzo yakipatikana, kwanza yanatolewa mafuta, chakula, barafu na madeni, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Ziwa likikunyima wiki mbili, hugawiwi kitu, bali unaongezewa deni. Nimemsikia kijana akisema hawezi kurudi kwao Sengerema kwa sababu "bado sijamaliza kwa tajiri". Alikuwa na mwaka na nusu kisiwani. Sikiliza sentensi hiyo vizuri. Mtu asiyeweza kuondoka mpaka amalize deni ambalo hesabu yake anaishika mwingine ni jambo ambalo mikataba ya kimataifa ina jina lake, na jina hilo ni kazi ya kulazimishwa.

Asubuhi moja karibu na Igombe niliona mtumbwi ukiingia na watu wanne. Watatu walishuka na samaki. Wa nne alibaki akichota maji kwa kopo la rangi lililokatwa, mtoto wa miaka kumi na tatu hivi, midomo imepauka kwa baridi. Jaketi okozi lilikuwa moja, na lilikuwa limekaliwa. Sangara waliotoka humo walipimwa, wakapelekwa kwenye gari la barafu, na saa chache baadaye walikuwa kiwandani palipo na bango linalosema hapa hatuajiri watoto. Bango lile lilikuwa linasema kweli juu ya jengo lile.

Sheria yetu inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani, mgodini, kama baharia, au mahali popote penye hatari. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unahusu kazi ya uvuvi, na watu wengi hudhani ni wa baharini tu. Umetaja mito na maziwa pia. Unataka mvuvi awe na makubaliano ya maandishi, apumzike, na chombo kiwe na vifaa vya usalama. Kwenye mialo yetu kuna BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mwalo, vinavyoandikisha mitumbwi na kusimamia ukubwa wa samaki na nyavu. Kama tumeweza kumpima sangara asiwe chini ya sentimita 50, daftari lile lile linaweza kuongezewa safu nyingine: majina ya waliomo mtumbwini, umri wao, majaketi mangapi. Nimelipendekeza mara nyingi na nitaendelea.

Makosa yakionekana, si mnunuzi atakimbia tukose kazi?

Hofu hii ni ya kweli, na hutumiwa na mameneja kuwanyamazisha watu. Mnunuzi makini hakimbii kwa kosa la kwanza. Anatoa mpango wa marekebisho wenye tarehe. Yanayomkimbiza ni uongo, rushwa kwa mkaguzi, na watoto au kazi ya kulazimishwa visivyoshughulikiwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu inamtaka mnunuzi kwanza atumie nguvu yake kurekebisha, na afikirie madhara kabla ya kuondoka.

Na mnunuzi naye aulizwe. Anayeshusha bei kila msimu, huku akitaka mzigo ufike uwanja wa ndege usiku huu huu, ana mkono wake kwenye zile saa 72.

Sheria mpya za Ulaya zinatuhusu?

Zinatuhusu kupitia wanunuzi. Ufaransa ilipitisha sheria ya wajibu wa uangalizi mwaka 2017, yaani kampuni kubwa ichunguze haki za watu kwenye mnyororo wake. Ya Ujerumani ilianza kutumika Januari 2023, nayo inataka kampuni kubwa iwe na njia ya kupokea malalamiko hata kutoka kwa watu wa mnyororoni, yaani hata wewe. Umoja wa Ulaya umepitisha pia kanuni ya kuzuia sokoni bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa, itakayoanza kutumika Desemba 2027. Wenye viwanda wanaolichukulia lile deni la kambini kama mambo ya wavuvi wenyewe wana muda mfupi wa kubadili mawazo.

Nina kiwanda kidogo cha dagaa, mkaguzi anakuja mwezi ujao. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye rangi ya ukuta. Anza na mishahara ya miezi mitatu iliyopita, ukae na mhasibu muipitie mstari kwa mstari kwa hesabu niliyoonyesha hapo juu. Palipo na upungufu, lipa. Kisha milango na vyoo, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa ndani. Mikataba ya maandishi, kwa Kiswahili, kila mtu abaki na nakala yake. Cheti cha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Na pale ambapo hujatimiza, mwambie mkaguzi mwenyewe, uonyeshe tarehe utakayomaliza. Hilo limewaokoa wengi niliowatafsiria.

Nimehojiwa jana, leo supavaiza ananiuliza nilisema nini. Nifanyeje?

Mjibu kwa adabu: "Niliambiwa ni siri." Usiongeze neno. Jioni andika kwenye daftari lako tarehe, saa, alivyosema na nani alisikia. Mkaguzi huacha kadi yenye namba ya simu. Ndiyo kazi yake hiyo kadi, itumie. Mweleze pia mwakilishi wa chama, kama TUICO wana tawi kazini kwenu, au afisa kazi wa mkoa.

Ukipunguziwa zamu au kuhamishwa kwenda kwenye baridi baada ya hapo, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, siku ni 30 tu, na zinaanza kuhesabiwa siku ile ile. Nimewaona watu wakienda siku ya arobaini, na barua nzuri mkononi. Nenda wiki ya kwanza, na daftari lako uwe nalo.